Tasi anachoma wapi hasa, na aparwe vipi bila kuumia?

Kibanda_Cha_Kona

Wakuu habari za leo, na shikamooni walio wakubwa zangu. Nauliza kuhusu tasi, yule ambaye kwingine mnamwita chafi. Vijana wanaopara samaki kibandani wanachomwa mara kwa mara, na kila mmoja ana nadharia yake. Mmoja anashikilia kwamba sumu iko kwenye miiba ya mgongoni tu, kwa hiyo akishaikata hiyo anamshika samaki anavyotaka. Mwingine anasema tasi akilala kwenye barafu usiku kucha sumu imekwisha, hana neno tena.

Naomba anayemfahamu huyu samaki anieleze: miiba yenye sumu ni ipi na iko mingapi? Akifa sumu inabaki au inakwisha? Mtu aanze kukata wapi? Na kijana akichomwa saa mbili asubuhi wateja wamejaa, tufanye nini hapo hapo? Maana hadi sasa nimesikia mafuta ya taa, ndimu, barafu, kufunga kamba mkononi, na mambo mengine siwezi kuyaandika hapa.

---

Mpara_Mkongwe

Mkuu, vijana wako wote wawili wamekosea, na huyo wa kwanza ndiye atakayeumia zaidi.

Chukua tasi mmoja umlaze ubavu kwenye ubao, kichwa kielekee kushoto kwako. Mgongoni kuna pezi moja refu linaloanzia juu ya kifuniko cha shavu hadi karibu na mkia. Sehemu ya mbele ya pezi hilo ina miiba 13 migumu. Nyuma yake kuna vijiti laini 10 ambavyo havina madhara. Sasa tazama chini, nyuma ya tundu la haja: pezi la hapo lina miiba 7, kisha vijiti laini 9. Bado tumboni. Kuna mapezi mawili madogo, na hapa ndipo tasi anapotofautiana na karibu samaki wote unaowapara. Samaki wengi wana mwiba mmoja tu kwenye kila pezi la tumbo. Tasi ana miwili: mmoja upande wa nje, mwingine upande wa ndani unaogusana na ngozi ya tumbo, na katikati vijiti laini vitatu. Huo wa ndani hauonekani mpaka uliinue pezi, na ndio unaoingia kiganjani mtu anapomkamata samaki kwa kumzungushia mkono tumboni.

Hesabu basi: 13 na 7 na 4, jumla 24. Uongeze na mmoja mdogo ulio mbele kabisa ya pezi la mgongo, umelala chini ya ngozi na ncha yake inaelekea kichwani, si mkiani kama mingine. Huo mara nyingi umefunikwa, lakini kidole kikipita kwa nguvu kutoka kichwani kwenda mgongoni kinaukuta. Miiba hii yote ihesabu kuwa ya hatari. Kila mwiba una mifereji miwili pembeni, ndani ya mifereji kuna nyama laini inayotoa sumu, na juu yake ngozi nyembamba. Mwiba ukiingia mwilini ngozi hiyo inachanika, sumu inashuka na mfereji hadi kwenye jeraha. Samaki hana haja ya kufanya chochote. Awe hai, awe amekufa, kazi inafanywa na uzito wa mkono wako mwenyewe.

Ndiyo maana barafu haisaidii. Sumu ya tasi ni protini, na protini inaharibiwa na joto. Baridi inaitunza. Samaki wa jana aliyelala kwenye barafu mshike kwa heshima ile ile ya samaki aliyetoka majini sasa hivi. Akishaiva kwenye mafuta au mchuzi, hapo sumu ya miiba imekwisha. Ikibaki ni ncha ya kukwama kooni kama mfupa wowote.

Mpangilio wa kukata, kwa mtu anayepara wengi:

Usimshike kwa mkono. Mbane kichwa kwenye ubao kwa kitambaa kizito kilicholowa kilichokunjwa mara tatu au nne, au mtoboe kichwani kwa uma mkubwa. Chukua mkasi, si kisu. Kisu kinateleza juu ya mwiba, na mkono unafuata kisu. Anza mgongoni, ukitokea upande wa mkia kuelekea kichwani. Miiba inalala kuelekea mkiani, hivyo ukienda na mkasi namna hiyo unaiinua na kuikata chini kabisa kwenye ngozi. Ukienda kinyume mkasi unapita juu yake na kubakiza visiki. Visiki vinachoma vilevile, kwa sababu mfereji unashuka hadi chini. Mgeuze kwa mkasi wenyewe, kata ile 7 ya chini. Kisha inua kila pezi la tumbo kwa ncha ya mkasi na ulikate lote na shina lake, usihangaike kuchagua mwiba. Ule mdogo wa mbele unaondoka ukikata kipande cha ngozi ya utosini, au ukikata kichwa.

Hapo sasa mshike, mpare, mtumbue.

---

Nahodha_Dema

Mkongwe kaeleza vizuri. Naongeza upande wa baharini, maana tabia ya samaki ndiyo inayoeleza kwa nini watu wanachomwa.

Tasi wetu wa pwani hii, yaani yule wa kawaida kuanzia Kenya, Tanzania, Msumbiji hadi Shelisheli na Madagaska, kitaalamu ni Siganus sutor. Ana mwili bapa, umbo la yai, mdomo mdogo sana na safu moja ya meno madogo ya kukatia. Hana meno ya kukamata. Anakula majani ya bahari na mwani, mchana, akizunguka kwa makundi kwenye maji ya kina kifupi. Wadogo wanajaa kwenye majani ya bahari karibu na ufuko na kwenye hori za mikoko. Wa kawaida sokoni ni kama sentimita 30 au chini ya hapo, ingawa anaweza kufika 45.

Rangi yake ndiyo inayowachanganya wageni. Akiwa ametulia majini ni kijivu cha kijani kibichi kilichokolea au kahawia, na vidoa vidogo vyeupe vingi ubavuni. Akishtuka, au usiku akiwa amepumzika chini, anageuka mabaka mabaka ya kahawia nyeusi na nyeupe, unaweza kuapa ni samaki mwingine. Akifa anabaki na mabaka hayo hayo. Kwa hiyo usimtambue kwa rangi. Mtambue kwa ngozi laini yenye magamba madogo kiasi cha kutoonekana, kwa ule mdomo, na kwa miiba miwili ya pezi la tumbo. Kangaja anafanana naye kwa umbo, lakini kangaja ana kisu kwenye shina la mkia, tasi hana chochote pale.

Si samaki wa vita. Ukimkaribia anakimbia, na akikosa pa kukimbilia anasimamisha mapezi yote kwa pamoja na kukugeuzia mgongo. Ndiyo silaha yake yote. Taa ana mkia wa kurusha. Huyu hana cha kurusha. Anayechomwa ni aliyeingiza mkono.

Na mkono unaingia wapi? Kwanza kwenye dema, yaani ule mtego wa kufumwa. Tasi, changu na pono ndio wanaojaza madema yetu, na tasi anavutwa na mwani unaotiwa ndani kama chambo, peke yake au umechanganywa na konokono waliopondwa. Dema likipanda chomboni tasi wote wamesimamisha miiba. Fungua tundu la kutolea, liinamishe juu ya ndoo au tenga, wamwagike. Asiyetoka asukumwe kwa kijiti. Usitie mkono ndani kumfuata mmoja aliyebaki kwenye kona, hata kama anang'ang'ania.

Kwenye nyavu ni tofauti. Hapo usimvute kurudi nyuma. Miiba imefunguka na inashika uzi kama ndoana, utamvuta mara tatu na ya nne itakuwa kidole chako. Msukume apite mbele, kichwa kikitangulia, miiba inajilaza yenyewe. Akiwa amejisokota, kata jicho moja la wavu. Uzi unashonwa.

Kwenye mshipi, mshike kwa uzi wa ndoana, mning'inize juu ya ndoo, chomoa ndoana kwa koleo. Glavu za pamba ni kujidanganya, mwiba unapita kama hakuna kitu. Za ngozi nene au mpira mzito zinasaidia, na hata hizo hazizuii kila mwiba.

La mwisho: tasi asiachwe akitapatapa sakafuni mwa chombo. Nyayo nazo zinachomwa, na nyayo ziko mbali na macho.

---

Bi_Mwani

Nahodha asante, ila umewasahau wa nchi kavu kidogo. Sisi wa mashamba ya mwani, Unguja upande wa mashariki, tasi ni mharibifu. Akiingia kwenye spinosamu au kotonii, aina za mwani tunazolima, utaona ncha zote zimekatwa, vimebaki vijiti vitupu kwenye kamba, hasa pembezoni mwa shamba karibu na majani ya bahari. Wanaotega madema kando ya shamba wanapata kitoweo na wanaokoa mwani, lakini mama anayefunga kamba maji yakiwa magotini hana glavu wala viatu. Kwa hiyo: viatu vya soli ngumu, na dema lisifunguliwe katikati ya kamba ambapo samaki akidondoka hapotei mbali. Libebwe hadi penye mchanga mtupu.

Na kuhusu harufu ya tumbo, maana Kibanda atauliza tu: tasi ana utumbo mrefu umejikunja mizunguko mingi, na wote umejaa mwani. Mwani unachacha haraka kwenye joto letu. Atumbuliwe mapema siku ile ile, na usiupasue utumbo; ingiza kidole kando ya ukuta wa tumbo, utoke mzima. Kisha kwangua ule utando mweusi uliobaki ndani mpaka nyama iwe nyeupe, maana ndio unaotia uchungu. Suuza kwa maji na chumvi. Wanaomkataa tasi kwamba ananuka, wengi wamekula aliyetumbuliwa jioni.

---

Kibanda_Cha_Kona

Shukrani sana, Bi Mwani kweli ningeuliza. Bado la kuchomwa. Kuna mzee hapa anasema amwagiwe mafuta ya taa halafu afunge kamba juu ya kiwiko. Anasema inafanya kazi.

---

Tabibu_Pwani

Mwambie mzee shikamoo, kisha mfiche ile kamba.

Kamba inakata damu na kuizuia sumu ikae mahali pamoja inapoharibu nyama. Mafuta ya taa yanaunguza jeraha. Ndimu inawasha bila kufanya kitu kwa protini iliyo ndani ya nyama. Barafu inaonekana kusaidia kwa dakika chache kwa sababu inatia ganzi, ila inafanya kinyume cha tunachotaka. Kukata jeraha kwa wembe au kunyonya kunaongeza jeraha na kuingiza uchafu. Na kwa nini kila dawa ya mtaani "inafanya kazi"? Kwa sababu maumivu ya tasi, ingawa ni makali sana mwanzoni, yenyewe hupungua baada ya saa kadhaa. Chochote ulichopaka wakati huo kinapata sifa.

Kinachofanya kazi ni maji ya moto, yawe tayari kabla mtu hajachomwa. Hatua ni hizi.

Mkalishe chini, wengine wanaona kizunguzungu kwa maumivu tu. Vua pete na saa upesi, kidole kitavimba. Acha damu itoke kidogo, osha kwa maji safi, kipande cha mwiba kinachoonekana kitolewe kwa kibano. Kisichoonekana usikichimbe.

Kisha tumbukiza mkono wote, jeraha lizame kabisa, kwenye maji ya nyuzi 40 hadi 45. Kibandani hakuna kipimajoto, kwa hiyo pima hivi: kikombe kimoja cha maji yanayochemka kwa vikombe vinne vya maji ya bomba. Maji ya bomba ya pwani yakiwa kama nyuzi 28, mchanganyiko huo unakuja karibu nyuzi 42. Ukitia kimoja kwa vitatu unafika 46, hapo unaanza kuunguza. Anayepima joto awe mtu mwingine, au aliyechomwa atumie mkono wake mzima. Mkono uliochomwa unauma kiasi kwamba hautambui unaungua, na watu wamepata malengelenge kwa tiba kuliko kwa samaki. Mwenye kisukari aangaliwe zaidi, huenda mikono na miguu yake ilishapoteza hisia siku nyingi.

Akae hapo dakika 30 hadi 90. Maji yakipoa mtoe mkono kwanza, ongeza ya moto, koroga, pima, rudisha. Kosa linalofanyika sana ni kukaa dakika 5, kuona nafuu, kuondoka. Maumivu yanarudi, watu wanasema maji ya moto hayafai. Maumivu yakirudi, rudia. Paracetamol ya kawaida inaruhusiwa.

Baada ya hapo osha kwa sabuni, funika kwa kitambaa safi bila kubana. Jeraha dogo lenye tundu refu halishonwi wala halizibwi kwa gundi. Kama hajachanjwa pepopunda miaka mingi aende kituo cha afya, hata kama maumivu yameisha. Aende haraka zaidi akiona pumzi inambana, uso unavimba, anatapika mfululizo, au baada ya siku moja au mbili wekundu unapanda mkononi, usaha, homa. Na kidole kikiendelea kuuma kwa wiki kwenye sehemu ile ile, ombeni picha ya eksirei. Ncha ya mwiba ni mfupa mgumu, hukatikia ndani.

Tasi hana dawa maalumu ya kupinga sumu yake kama ile inayotengenezwa Australia kwa ajili ya samaki-jiwe, na kwa kawaida haihitajiki. Ila msimchanganye na samaki-jiwe. Mtu akikanyaga kitu kama jiwe mwambani, mguu ukavimba wote na mapigo ya moyo yakabadilika, huyo anaanza na maji ya moto njiani kuelekea hospitali, si baada ya kusubiri.

---

Muscat_Mpwani

Salaam kutoka Oman. Huku ndugu zake wanaitwa safi, na wanaopendwa sana sokoni ni Siganus canaliculatus, anafanana na tasi wetu kiasi kwamba mtu wa Lamu akimwona hataona tofauti mezani. Miiba ni ile ile kwa idadi, jamii nzima ya tasi iko hivyo. Wengine wawili wa jamii hii walitoka Bahari ya Shamu wakapita Mfereji wa Suez na sasa wamejaa mashariki ya Mediterania, wakila mwani wa wenyeji.

Swali kwa Mkongwe: huku wauzaji wengi hawakati miiba, wanauza samaki mzima, eti mteja anataka kuona upya wake. Unaonaje?

---

Mpara_Mkongwe

Upya unaonekana kwenye jicho na matamvua, si kwenye mwiba. Jicho liwe limejaa na jeusi, matamvua mekundu, tumbo gumu ukilibonyeza kwa kijiti. Anayetaka mzima auziwe mzima, lakini asitiwe kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, miiba inatoboa na mfuko unabebwa ukigonga paja. Gazeti mara mbili, kisha kikapu au ndoo.

Nahodha, uko wapi? Waeleze na habari za mwezi, maana naona wengi wanauliza msimu kwenye nyuzi nyingine.

---

Nahodha_Dema

Nipo. Tasi hukusanyika kutaga, na sehemu mojawapo inayojulikana ni Msambweni, Kwale, siku zinazofuata mwezi mpevu wakati wa kaskazi. Ukimkuta wakati huo tumbo limejaa mayai. Binafsi naona kuvua kwenye mkusanyiko ni kula mbegu: unapata dema zito siku tatu, halafu mwaka unakuwa mrefu. Kwa wadogo kuna ufumbuzi rahisi, ambao umejaribiwa Kenya: dema linaachiwa upenyo wa kusimama kwenye kona, upana wa sentimita 3 hadi 4. Tasi kwa kuwa ni bapa, mdogo anapita kiubavu, mkubwa anabaki. Faida ya pili haisemwi sana: wachache wadogo ndani ya dema ni miiba michache ya kuhangaika nayo, na wale wadogo ndio wanaochoma zaidi kwa sababu watu wanawadharau.

---

Kibanda_Cha_Kona

Nimewaelewa wakuu. Kesho chupa ya chai yenye maji ya moto inakaa kibandani muda wote. La mwisho kabisa: mkasi gani? Wa nguo umeshavunjika.

---

Mpara_Mkongwe

Wa nguo hapana. Tafuta ule wa kupogolea matawi madogo, wenye springi na mdomo mfupi uliopinda, maduka ya pembejeo wanao. Usiwe ule wenye kali moja linalobana juu ya chuma bapa. Uwe wenye makali mawili yanayopitana, unakata mwiba bila kuupasua. Kila jioni uoshwe kwa maji baridi, ukaushwe, springi ipakwe mafuta ya kupikia, la sivyo chumvi itaula ndani ya mwezi.

Miiba iliyokatwa iwekwe kwenye kopo la rangi lenye mfuniko, si kwenye ndoo ya taka ya magamba. Anayemwaga taka za soko anakanyaga na kushika kwa mikono mitupu, na yeye hakuwepo wakati mnajadili hapa. Kopo likijaa, mimina maji yanayochemka ndani, acha yapoe, ndipo lifukiwe.